Hasira Zinazofuata Kalenda: Mwongozo Kamili wa Dalili za Kabla ya Hedhi na PMDD

Ukienda kwa daktari ukamwambia una hasira, unalia ovyo, hulali vizuri na mwili unauma, utakuwa umemtajia magonjwa kadhaa kwa mpigo. Sonona huja hivyo. Upungufu wa damu hauko mbali. Tezi ya shingo ikizembea, nayo huleta uchovu na moyo mzito. Lakini mwonyeshe kwamba hali hiyo huanza siku kumi hivi kabla ya damu, hukatika siku ya pili au ya tatu ya hedhi, na wiki inayofuata wewe ni mzima kabisa. Hapo mazungumzo yanabadilika. Maradhi ya kabla ya hedhi hutambulishwa na wakati wake kuliko aina ya dalili, na hatua zote zilizomo humu zinategemea hilo.

Mwongozo huu ni wa mwanamke anayejiuliza kama anayopitia kila mwezi ni ya kawaida. Mume, mama, dada au rafiki anayemwona akibadilika asijue la kufanya atapata lake pia. Kuzipitia hatua zote huchukua miezi miwili hivi. Ila kama una mawazo ya kujiua au kujidhuru, usingoje: nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Hatari isiyosubiri" huko mbele.

Mwili unafanya nini siku hizo

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu nyingine. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya siku 21 na 35. Katika nusu ya kwanza homoni inayotawala ni estrojeni. Kisha yai hutoka kwenye ovari, projesteroni hupanda, na mimba isipotunga homoni zote mbili huporomoka na damu huanza. Nusu hii ya pili huchukua takriban siku 14, na ndimo dalili tunazozizungumzia zinapoishi.

Mzunguko ukirefuka au ukifupika, mara nyingi kilichobadilika ni nusu ya kwanza. Ya pili haiyumbi sana. Kwa hiyo ni afadhali uhesabu kurudi nyuma, kutoka siku damu ilipoanza. Mwenye mzunguko wa siku 34 yai lake hutoka karibu na siku ya 20, si siku ya 14 kama wengi tulivyokaririshwa shuleni.

Wengi huamini kwamba mwenye dalili kali ana homoni zilizozidi au zilizopungua. Utafiti umeonyesha vingine. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walitumia dawa kuzituliza ovari za wanawake wenye dalili kali za kabla ya hedhi, na dalili zikapungua. Walipowarudishia estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo hilo walifanyiwa yaleyale na hali zao za moyo hazikutikisika. Homoni ni zilezile, ila ubongo wa mmoja huzipokea tofauti na wa mwingine. Projesteroni inapovunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo kwa watu wengi hutuliza ubongo. Kwa baadhi ya wanawake kupanda na kushuka kwake huleta kinyume chake: wasiwasi, hasira, machozi. Serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia na usingizi, imo pia kwenye kisa hiki.

Faida ya kulijua hili ni ya moja kwa moja. Kipimo cha damu cha homoni hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba una PMDD (kifupi cha Kiingereza cha aina kali ya maradhi ya kabla ya hedhi, inayoshika hasa hisia), kwa sababu majibu yake huwa ya kawaida. Ukiambiwa ulipie kifurushi cha vipimo vya homoni ili ijulikane kama unayo, uliza kwanza ni ugonjwa gani mwingine unaotafutwa. Huenda sababu ipo, lakini haitakuwa hiyo.

Kawaida, PMS na PMDD

Matiti kujaa, tumbo kuvimba, chunusi mbili tatu, hamu ya vitu vitamu, kununa kidogo: wanawake wengi hupata kimojawapo cha hivi kabla ya hedhi na maisha yakaendelea. Huo si ugonjwa. Ni mwili unaobadilika, na hauhitaji jina wala dawa zaidi ya ya maumivu pale inapobidi.

Hali huitwa PMS (kifupi cha Kiingereza cha mkusanyiko wa dalili za kabla ya hedhi) pale dalili zinapojirudia kila mwezi na kuanza kuingilia shughuli. Kigezo kinachotumiwa na madaktari wengi wa wanawake ni kwamba dalili zionekane ndani ya siku tano kabla ya hedhi, kwa mizunguko mitatu mfululizo, ziishe ndani ya siku nne tangu damu ianze, na zimzuie mtu kufanya baadhi ya mambo yake ya kawaida. Dalili zinaweza kuwa za mwili tu au za moyo tu.

PMDD ni jambo jingine. Kigezo chake ni kuwa na dalili tano au zaidi katika wiki ya mwisho kabla ya hedhi, zianze kupungua siku chache baada ya damu kuja, na wiki inayofuata ziwe zimekwisha au zimebaki kidogo sana. Katika hizo tano, angalau moja lazima itoke kwenye kundi la hisia: moyo kugeukageuka ghafla, hasira kali au ugomvi na watu, huzuni ya kukata tamaa na kujidharau, au wasiwasi wa kumfanya mtu ajihisi yuko ukingoni. Nyingine zinaweza kuwa kupoteza hamu ya mambo unayoyapenda, akili kutotulia, uchovu, kula kupita kiasi au kutamani vyakula fulani, kulala mno au kukosa usingizi, kuhisi umelemewa, na dalili za mwili kama matiti kuuma, viungo kuuma na tumbo kujaa. Yote haya yawe yametokea katika mizunguko mingi ya mwaka uliopita na yawe yameharibu kazi, masomo, ndoa au mahusiano.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake 3 hadi 8 kati ya 100 walio katika umri wa hedhi wana PMDD. Watafiti wanaotegemea rekodi za kila siku badala ya kumbukumbu za wahojiwa hupata idadi ndogo zaidi. Hata iliyo ndogo ni watu wengi mno.

Mpaka wa PMS na PMDD hauko kwenye ukubwa wa tumbo wala maumivu ya matiti. Mwanamke anaweza kuumwa sana mwili asiwe na PMDD. Mwingine mwili wake u shwari, lakini siku sita kila mwezi anaamini kabisa kwamba hapendwi, kazi aiache leo na ndoa aivunje usiku huu, kisha damu ikija anashangaa alikuwa nani. Huyo wa pili ndiye wa kushughulikiwa haraka zaidi, na kwa bahati mbaya ndiye anayeambiwa ana tabia mbaya.

Hatua ya kwanza: tengeneza rekodi yako

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Utambuzi wa PMDD hauthibitishwi bila rekodi iliyojazwa kila siku kwa mizunguko miwili yenye dalili. Daktari anaweza kukupa jina la muda na kuanza kukutibu kabla ya hapo, lakini uthibitisho hutoka kwenye karatasi.

Chukua daftari au faili la simu. Chora safu za siku, na mistari ya dalili zako. Usiandike dalili thelathini. Utachoka wiki ya kwanza. Chagua nane hadi kumi zinazokusumbua wewe, na hakikisha zile nne za hisia zimo: moyo kugeuka ghafla, hasira, huzuni, wasiwasi. Ongeza usingizi, chakula, uchovu, umakini, na maumivu unayoyajua. Chini yake weka mistari mitatu ya athari: kazi au masomo, shughuli za nyumbani, na mahusiano na watu. Wengi huisahau mistari hii mitatu, nayo ndiyo humwonyesha daktari kwamba jambo hili limekuharibia maisha.

Kila dalili ipe namba kutoka 1 hadi 6. Moja ni hakuna kabisa, mbili ni kwa mbali sana, tatu ni kidogo, nne ni wastani, tano ni kali, sita ni kali mno. Tia alama siku za damu, na tenga siku ya kwanza ya damu kamili na ile ya matone. Andika dawa zote ulizomeza, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, na matukio makubwa: msiba, mtihani, ugomvi, homa.

Programu za simu za kufuatilia hedhi zinafaa, mradi ziruhusu kupima ukali wa dalili na si kuweka alama ya ndiyo au hapana tu. Tatizo langu na nyingi kati yake ni kwamba hukukumbusha "siku zako ngumu zinakaribia". Ukishaambiwa hivyo utaanza kuzitafuta. Zima arifa hizo kwa miezi hii miwili.

Hatua ya pili: jaza kila jioni, hata siku njema

Jaza mara moja kwa siku, saa ileile, vizuri iwe kabla ya kulala. Usirudi nyuma kujaza siku tano zilizopita. Ukizisahau ziache wazi. Binadamu akiulizwa mwezi uliopita ulikuwaje hukumbuka siku mbaya, na akiwa tayari anaamini hedhi ndiyo chanzo, huzisogeza siku hizo mbaya karibu na hedhi bila kujua. Baadhi ya wanawake wanaosema kwa uhakika kwamba wana PMS hugundua kwenye rekodi zao kwamba dalili zao hazifuati hedhi hata kidogo. Ni ugunduzi wa maana, kwa sababu unaelekeza pengine pa kutafuta.

Siku njema nazo zijazwe. Kwa utambuzi huu zina uzito kuliko mbaya.

Kama huoni damu kwa sababu una kitanzi cha homoni, au umeondolewa mfuko wa uzazi lakini ovari zimebaki, mzunguko unaweza kuwa unaendelea kimyakimya. Jaza rekodi kwa miezi mitatu, ukiongeza dalili za mwili kama matiti kuuma, uone kama kuna mawimbi yanayorudi kila baada ya wiki nne hivi. Kama unatumia vidonge vya homoni usiviache kwa ajili ya rekodi tu. Andika unavyovitumia, daktari ataamua.

Hatua ya tatu: isome rekodi

Mizunguko miwili ikitimia, linganisha vipande viwili tu vya kila mzunguko: siku saba za mwisho kabla ya damu, na siku ya nne hadi ya kumi tangu damu ianze. Kilichobaki kiache kwanza.

Tuseme mstari wa hasira unasomeka hivi kabla ya damu: 3, 4, 5, 5, 6, 5, 5. Na siku ya nne hadi ya kumi: 2, 1, 1, 1, 1, 2, 1. Huo ndio mchoro wa maradhi ya kabla ya hedhi. Dalili imefika 4 au zaidi kwa siku mbili au zaidi, na baada ya hedhi haikuvuka 3. Ukipata mistari mitano ya namna hiyo, mmoja wao ukiwa wa hisia, katika mizunguko yote miwili, na mistari ya athari nayo imepanda, una sababu nzito ya kuzungumzia PMDD na daktari.

Sasa tazama mchoro wa pili. Kabla ya damu: 5, 5, 6, 5, 6, 6, 5. Baada yake: 4, 3, 4, 4, 3, 4, 4. Hapa kuna kupanda, lakini hakuna kupona. Mtu huyu ana kitu kinachoendelea mwezi mzima, pengine sonona, na hedhi inakichochea. Kosa linalofanyika sana ni kumpa huyu tiba ya wiki mbili za kabla ya hedhi tu na kuziacha wiki mbili nyingine bila ulinzi. Anahitaji ugonjwa wa msingi utibiwe kwa mwezi mzima.

Mchoro wa tatu ni wa namba zinazoruka popote: tano Jumatatu, moja Jumatano, tano tena wiki baada ya hedhi. Chanzo kiko nje ya mzunguko. Rudi kwenye matukio uliyoyaandika, angalia usingizi, kazi, pombe, na nani ulikuwa naye siku hizo. Rekodi imewahi kumfumbua mtu macho kwamba siku zake mbaya ni zile ambazo mtu fulani yupo nyumbani.

Ukiona 4 hapa na 3 pale, usijitese kwa hesabu. Ipeleke hivyohivyo.

Hatua ya nne: chuja yanayojifanya PMDD

Tezi ya shingo, upungufu wa damu na kisukari huchunguzwa kwa vipimo vya kawaida, na hivi vinastahili gharama yake. Endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kukua nje yake, huleta maumivu makali ya nyonga karibu na hedhi, lakini maumivu hayo huendelea wakati wa damu na wengine huumia wakati wa tendo la ndoa au kwenda haja. Hilo ni la kuchunguzwa peke yake. Mwanamke wa miaka ya arobaini ambaye mzunguko umeanza kuyumba na joto humpanda usiku huenda anaelekea ukomahedhi, ingawa hali zote mbili huweza kukutana. Na kila hedhi inapochelewa, kipimo cha mimba kije kwanza, kwa kuwa dalili za mwanzo za mimba hufanana mno na hizi.

Kipandauso, pumu, kifafa na ugonjwa wa hisia mseto (bipolar, wa moyo kupanda mno na kushuka mno) huweza kuzidi kabla ya hedhi. Mwenye ugonjwa wa hisia mseto awe mwangalifu hasa, maana dawa za sonona zikitolewa bila kuujua ugonjwa huo zinaweza kumrusha upande wa pili, akakosa usingizi kwa siku kadhaa na kufanya mambo ya hatari. Kama wewe au ndugu wa damu mmewahi kuwa na vipindi vya aina hiyo, mwambie daktari hata asipouliza.

Hatua ya tano: peleka rekodi kwa daktari

Beba rekodi zote mbili na uanze nazo. Sentensi kama hii inatosha: "Kwa mizunguko miwili nimejaza kila siku; wiki moja kabla ya damu nashindwa kufanya kazi, na baada ya siku ya nne napona kabisa." Kisha mkabidhi karatasi. Ukianza na simulizi refu la ugomvi wa nyumbani, muda utaisha ukiwa bado kwenye simulizi.

Daktari wa wanawake, wa akili au wa kawaida, yeyote anaweza kuanza. Ukiambiwa kwamba haya ni maumbile ya kila mwanamke na uyavumilie, unaweza kujibu kwa adabu. Robert Frank, daktari wa New York, aliielezea hali hii kitaalamu mwaka 1931. Mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza waliipa jina la PMS linalotumika hadi leo. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza PMDD kwenye orodha yake rasmi ya magonjwa, na toleo la 11 la orodha ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, lina namba yake: GA34.41. Iandike namba hiyo juu ya rekodi yako. Hubadilisha sauti ya mazungumzo kuliko machozi.

Hatua ya sita: chagua tiba kwa kadiri ya ukali

Kwa dalili nyepesi na za wastani, mazoezi ya mwili ya kila wiki na usingizi wa saa zinazoeleweka ndiyo mwanzo mzuri. Kupunguza pombe nako kunafaa, kwa kuwa huharibu usingizi na kushusha moyo siku ambazo tayari vimeyumba. Kalisi ina ushahidi wa kuridhisha: miligramu 1,200 za vidonge kwa siku zilipunguza dalili kuliko kidonge kisicho na dawa katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1998. Vitamini B6 huenda ikasaidia kidogo, lakini usivuke miligramu 100 kwa siku. Dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Maumivu ya tumbo, mgongo na kichwa hujibu dawa kama ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo.

Mitishamba iombewe ruhusa. Baadhi ya mimea inayouzwa kama tiba ya huzuni hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kuichanganya na dawa za sonona ni hatari.

Kwa PMDD yenyewe, nisizungushe maneno: mazoezi na kalisi peke yake mara nyingi hayatoshi, na kumwambia mtu mwenye PMDD afanye yoga ni kumwongezea hatia. Dawa zenye ushahidi wenye nguvu zaidi ni zile za sonona zinazoongeza kazi ya serotonini: fluoksetini, setralini, esitalopramu, paroksetini. Kinachowashangaza wengi ni kasi yake. Kwenye sonona dawa hizi huchukua wiki kadhaa. Kwenye PMDD nafuu inaweza kuonekana ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtu anaweza kuzimeza kila siku, au kuanzia siku 14 kabla ya hedhi na kuacha damu ikianza, au hata kuanza siku dalili zinapotokeza. Nani atumie njia ipi huamuliwa na rekodi: mwenye mchoro wa kwanza anaweza kujaribu nusu ya mwezi, mwenye mchoro wa pili anahitaji kila siku.

Madhara yapo. Kichefuchefu siku za mwanzo, usingizi kuvurugika, kutoka jasho, hamu ya tendo la ndoa kushuka. Kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua huweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa, hivyo awepo mtu wa karibu wa kufuatilia wiki za kwanza. Anayetumia kila siku asiache ghafla, apunguze kwa maelekezo. Anayepanga kubeba mimba aseme mapema, maana paroksetini si chaguo zuri hapo.

Njia ya pili ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye drospirenoni miligramu 3 na ethinili-estradioli maikrogramu 20, vinavyomezwa kwa siku 24 na kufuatiwa na siku 4 za vidonge visivyo na homoni. Marekani iliviidhinisha kwa PMDD mwaka 2006, kwa wanawake wanaohitaji pia kuzuia mimba. Havimfai mwanamke anayevuta sigara na amepita miaka 35, mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga au michirizi. Wanawake wengine huzidiwa na homoni hizi badala ya kupona. Ikitokea hivyo si wewe uliyeshindwa; badilisha njia. Projesteroni peke yake, ambayo Dalton mwenyewe aliipigia debe kwa miaka mingi, haikuonyesha faida ya kuaminika ilipopimwa kwa majaribio makini.

Tiba ya mazungumzo ya utambuzi na tabia inasaidia, hasa katika kujifunza kutofanya maamuzi makubwa siku za dhoruba na kurekebisha uhusiano baada yake. Inaweza kwenda sambamba na dawa.

Zikishindikana zote, daktari bingwa anaweza kuzizima ovari kwa sindano, huku akirudisha homoni kidogo ili kulinda mifupa. Kuondoa ovari kwa upasuaji ni hatua ya mwisho kabisa, na haifanywi kabla ya sindano hizo kuthibitisha kwamba mgonjwa hupata nafuu ovari zikizimwa. Kuondoa mfuko wa uzazi na kuziacha ovari huondoa damu tu, dalili huendelea.

Kila tiba ipewe mizunguko miwili hadi mitatu kabla ya kuihukumu, ukiendelea kujaza rekodi ileile.

Hatari isiyosubiri

PMDD huambatana na ongezeko la mawazo ya kujiua na majaribio yake, na mtu huweza kuwa mzima wiki moja na kuwa hatarini wiki inayofuata. Kwamba mawazo hayo yataondoka hedhi ikija si sababu ya kuyapuuza. Siku tatu zinatosha kupoteza uhai.

Kama yapo sasa, mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, "nina mawazo ya kujiua," na asikuache peke yako. Nendeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu au pigeni simu ya dharura ya nchi mliyopo. Dawa nyingi, sumu na vitu vyenye ncha vitolewe nyumbani au vikabidhiwe kwa mtu mwingine.

Kama huyapata kila mwezi na leo hayapo, tumia wiki njema kuandika mpango: ni nani atapigiwa simu, watoto watakuwa kwa nani, dawa zitatunzwa na nani, na dalili gani ya kwanza huashiria kwamba zimeanza. Mpe nakala mtu mnayeishi naye. Akiona dalili hiyo asisubiri kuombwa.

Kwa anayeishi naye

Usimuulize "uko kwenye siku zako?" katikati ya ugomvi. Hata kama jibu ni ndiyo, kinachomkera kinaweza kuwa cha kweli, na swali hilo humfanya aamini kwamba neno lake halihesabiki nusu ya mwezi. Ahirisha badala ya kubisha: "Nimekusikia, tuliongee Jumapili." Kisha Jumapili mliongee kweli.

Maamuzi ya pesa, kazi na ndoa yasogezwe hadi baada ya siku ya nne ya hedhi, kwa makubaliano mliyoyafanya wiki njema, si kwa amri ya siku hiyo. Kazi za nyumbani zipangwe upya kabla wiki haijafika. Na kama amekutukana au kukupiga, ugonjwa unaeleza lakini haufuti. Una haki ya kulinda usalama wako na wa watoto huku yeye akitafutiwa tiba.

Dalili hupotea wakati wa mimba kwa kuwa yai halitoki, hurudi mizunguko ikirudi, kwa wengine huzidi wanapokaribia ukomahedhi, na hukoma hedhi ikikatika kabisa. Anayeacha dawa akiwa amepona kwa muda mrefu aanze rekodi mpya mwezi huohuo, kwa sababu kurudi kwa dalili baada ya kuacha tiba ni jambo la kawaida na ni rahisi kulikamata mapema likiwa kwenye karatasi.